Mita za Kifungu cha Tisa

Katika ofisi za kamati za Bunge alijulikana kwa jina la Mama Vifungu. Hata walinzi wa getini, walipomwona akishuka kwenye gari la wafanyakazi na mfuko wa makaratasi begani, walimwita hivyo hivyo. Alikuwa mchambuzi wa sera za mazingira. Kazi yake ilikuwa kusoma kila muswada ulioletwa mbele ya Kamati ya Mazingira, kuuchambua kifungu kwa kifungu, kisha kuwaandikia waheshimiwa kwa lugha nyepesi: muswada huu utafanya nini, utamgusa nani, umeacha mwanya wapi. Zamani aliandika kurasa thelathini, wakasoma moja. Akaanza kuandika kurasa tano, wakasoma nusu. Siku hizi lile la muhimu aliliweka kwenye sentensi ya kwanza kabisa, na bado kulikuwa na wajumbe waliomshika mkono mlangoni, kikao kikikaribia kuanza, wakamnong'oneza, "Mama Vifungu, leo tunapinga au tunaunga mkono?"

Muswada uliomzeesha ulikuwa wa kuhifadhi ardhi oevu: mabonde, vinamasi, kingo za mito, kila mahali ambapo maji ya mvua hupumzika kabla ya kuendelea na safari yake. Mara ya kwanza ulifika katikati, Bunge likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi, muswada ukafa. Bunge jipya likaufufua, lakini waziri akabadilishwa, na waziri mpya akaurudisha wizarani "kwa maboresho". Maboresho yakaendelea mpaka Bunge hilo nalo likavunjwa. Kila waziri alifungua hotuba yake kwa "usipoziba ufa utajenga ukuta", kisha akahamishiwa wizara nyingine, ufa akamwachia mwenzake. Mumewe Mama Vifungu alikuwa na utani wake: "Bunge likivunjwa, na wewe unavunjika." Mwanzoni alikuwa akicheka. Siku hizi alimtazama tu, akaendelea kujikanda mabega.

Sasa muswada ulikuwa umerudi tena, na safari hii ulielekea kupita. Moyo wake ulikuwa kifungu cha tisa: ni marufuku kujenga, kulima au kumwaga kifusi ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa kinamasi. Hizo mita sitini aliziandika yeye. Alizipata baada ya kusoma ripoti za wataalamu wa maji mpaka macho yakamchonyota, na baada ya kubishana na wizara iliyotaka mia, na chama cha wajenzi kilichotaka kumi. Waheshimiwa walizitaja redioni kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni. Hakuwalaumu. Hiyo ndiyo kazi: unapika, mwingine anakaribisha wageni.

Kabla ya kuujadili muswada, kamati ilitoka kwenda kusikiliza wananchi. Kikao kiliitishwa katika ukumbi wa manispaa, karibu na bonde lililokuwa likijazwa kifusi kuliko yote mjini. Upande wa juu wa bonde, kinamasi kilikuwa kimefukiwa na juu yake yakasimama maghala makubwa ya mabati, na malori yalikuwa bado yakileta udongo. Upande wa chini zilikuwepo nyumba za watu, zimeshikana mabega mpaka kwenye matete.

Ukumbi ulijaa. Feni za darini zilizunguka kivivu, zikihamisha joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Mama Vifungu alikaa nyuma ya Mwenyekiti wa kamati, kama kawaida yake, kalamu mkononi. Mwenyekiti alikuwa mwanasiasa mkongwe, mwenye sauti ya upole na saa kubwa ya mkononi aliyoitazama kila mara msemaji alipozidisha maneno. Pembeni yake alikaa Katibu wa kamati, mwanamume mrefu mwenye kikohozi kisichoisha, aliyekuwa akiita majina ya wasemaji. Mwisho wa meza alikuwepo mbunge mzee ambaye wote walimwita Mheshimiwa Mto. Wananchi walidhani ameitwa hivyo kwa kupenda mito yetu. Ndani ya kamati walijua kwamba ni mto wa kulalia: kikao kikifika nusu saa, kidevu chake kilishuka kifuani, na kikabaki huko mpaka chai iletwe.

"Msemaji anayefuata," alisema Katibu, "fundi cherehani, mkazi wa bondeni."

Mama Vifungu aliandika "fundi cherehani" kabla hajainua kichwa. Alipoinua, aliyesimama mbele ya kipaza sauti alikuwa dada yake.

Ni dada yake wa tumbo moja, na zaidi ya dada. Mama yao alifariki Mama Vifungu akiwa bado anatambaa, na aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamsuka, akamchapa na kumpeleka shule, ni huyu. Walikuwa wameongea kwa simu juzi tu. Dada alikuwa ameuliza habari za watoto, akalalamika juu ya goti lake, akakata simu. La kikao hakuligusia.

"Waheshimiwa," Dada alianza, mikono ameifumbata mbele, khanga ya shughuli begani, "mimi sikusoma. Naomba mnisamehe nikikosea. Nimeishi pale bondeni tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nyumba ile nimejenga tofali kwa tofali kwa hii mikono inayoshona. Leo naambiwa kuna mita sitini. Mimi nauliza: huyo aliyepima hizo mita, alifika kwangu? Alikanyaga uani kwangu, akaniona? Au alipima juu ya karatasi, ameketi kwenye kiti cha kuzunguka?"

Ukumbi ulipiga makofi. Mwenyekiti hakutazama saa.

"Mnasema maji. Mimi maji hayajawahi kunisumbua. Tuacheni, waheshimiwa. Msituhamishe kama mbuzi."

Makofi yakazidi, mtu akapiga mluzi. Wakati wa kurudi kwenye kiti, Dada alimtazama mdogo wake mara moja tu, jicho kavu, kama anavyotazama mteja aliyekuja kulalamikia mshono. Mama Vifungu aliandika kila neno. Aliandika pia "maji hayajawahi kunisumbua", ingawa alijua si kweli. Mvua za mwaka uliopita alikwenda mwenyewe kumsaidia kuanika magodoro.

Msemaji aliyefuata alikuwa wakili wa wenye maghala, kijana nadhifu mwenye viatu visivyojua tope. Alikuwa na makabrasha mezani lakini hakuyafungua. "Waheshimiwa, mimi sina la kuongeza. Namuunga mkono mama aliyetangulia. Sheria hii itawaumiza wanyonge."

Kwenye gari la kurudi, waheshimiwa waliongea juu ya yule fundi cherehani njia nzima. Mmoja alisema amemkumbusha mama yake mzazi. Mheshimiwa Mto alikuwa amelala. Mama Vifungu alitazama nje ya dirisha mpaka shingo ikamuuma.

Walipofika ofisini alimfuata Katibu chumbani kwake, akafunga mlango. "Katibu, yule fundi cherehani ni dada yangu."

Katibu alikohoa, akameza maji. "Dada wa ukoo au dada dada?"

"Aliyenilea."

"Basi liandike, tumpelekee Mwenyekiti. Na usikae nalo moyoni, litakutoa vidonda vya tumbo. Mimi navyo tayari, havifai."

Mwenyekiti alilisoma lile tamko akiwa amesimama, akalirudisha mezani. "Mama Vifungu, katika nchi hii nani hana ndugu bondeni? Ukiniondolea kila mwenye ndugu, nitabaki na viti. Endelea na kazi. Ila unachoandika kuhusu kifungu cha tisa, mwenzako wa Kamati ya Afya akipitie kabla hakijanifikia."

Alishukuru. Moyoni, hata hivyo, alikuwa ametamani aondolewe. Alikuwa ametamani mtu mwingine abebe muswada ule japo hatua chache, yeye apumue.

Jumamosi alikwenda bondeni. Njia ya kwenda kwa Dada ilipita kando ya ukuta wa maghala, na malori yalikuwa kwenye foleni, kila moja limebeba kilima chake. Chini ya ukuta maji meusi yalikuwa yanatafuta pa kupita. Nyumba ya Dada ilikuwa safi kama siku zote, lakini ukutani, usawa wa goti, ulionekana mstari wa kahawia ambao rangi mpya haikuweza kuuficha. Cherehani ilikuwa imepandishwa juu ya matofali.

Dada hakuacha kushona. "Karibu. Kiti kile pale. Cha kuzunguka sina."

"Dada, yamekwisha hayo?"

"Yapi? Mimi nimeongea na Serikali. Nimekutaja wewe?"

"Mita sitini niliandika mimi."

Mguu wa Dada ulisimama kwenye pedali. Alikuwa hajui. Alijua mdogo wake anafanya kazi Bungeni, anaandika andika, anachoka. Lakini kwamba kuna mtu anayeandika sheria kabla haijawa sheria, na mtu huyo ndiye yule mtoto aliyefundishwa na yeye kushika kijiko, hilo halikuwa limemjia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mwishowe, taratibu. "Wahenga hawakukosea hata kidogo."

"Dada, sikuandika kwa ajili ya kukutoa wewe. Hii sheria ni ya nchi nzima."

"Nchi nzima! Na mimi naishi wapi, mwezini?"

"Maji yanaingia humu ndani kila mvua. Mimi na wewe tumeyachota kwa ndoo. Mbona ulisema hayajawahi kukusumbua?"

"Kwa sababu nina akili," Dada alisema, akageuka kwenye kiti akamkabili. "Hebu fikiri, wewe uliyesoma. Nikisema maji yanaingia, mtaniambia hapa ni hatari, hama. Nikisema hayaingii, labda mtaniacha. Wewe ungekuwa mimi, ungesema lipi?"

Mama Vifungu alitazama ule mstari wa kahawia ukutani. Alikuwa ameandika juu ya watu wa mabondeni kwa miaka mingi, na ndani ya maandishi yake wote waliitwa "wakazi walioathirika". Hakuna mkazi aliyeathirika aliyewahi kumuuliza swali lile.

"Zamani yalikuwa yanaingia?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Zamani yalikuwa yanakuja mpaka kwenye matete, yanalala, yanaondoka. Yameanza kuingia walipojaza kule juu."

"Hilo ndilo ungelisema kwenye kipaza sauti."

Dada alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mdogo wangu, unadhani sisi tulifikaje kwenye ule ukumbi? Kwa miguu, na hili goti langu? Wenye maghala walituletea basi. Wakatupa maji ya kunywa na kofia. Nipande basi la mtu, ninywe maji yake, halafu nimseme mbele yake?"

Baadaye Dada aliinuka, akaweka chai mezani, akamwekea mdogo wake sukari ya kutosha watu wawili, kama alivyomzoesha utotoni. Alipomsindikiza mpaka mlangoni alisema tu, "Umekonda. Hiyo kazi itakumaliza na bado watu watakuchukia."

Wiki iliyofuata Mama Vifungu alikiandika upya kifungu cha tisa. Alikaa na sentensi moja mpaka ikapoteza maana, akaifuta, akaianza tena. Alichopendekeza kilikuwa hiki: marufuku ya kujaza kifusi ianze mara moja, kwa kila mtu. Lakini nyumba za kuishi zilizokuwepo kabla ya sheria zisibomolewe mpaka wenyewe wapewe viwanja mahali pakavu na fidia ya haki. Na wapewe muda. Alijiuliza mara nyingi kama alikuwa anaandika sheria au anamwandikia dada yake. Jibu lilikuja tofauti kila alipouliza. Mwisho alimpa mwenzake wa Kamati ya Afya, mwanamke mmoja makini asiyejua kubembeleza mtu. Yule alisoma, akakata maneno mawili yasiyo na kazi, akamrudishia. "Kama asingekuwa dada yako ungeandika vingine?"

"Sijui. Labda nisingefikiria kabisa."

"Basi bora amekuwa dada yako," alisema, akaweka saini.

Siku ya kupitia muswada kifungu kwa kifungu, mashine ya kutoa nakala ilikwama na wahudumu wakaanza kukimbizana na karatasi. Chumba cha kamati hakikuwa na madirisha. Kilikuwa na meza ndefu, zulia lililochoka, na kiyoyozi kilichojua mambo mawili tu, kugandisha au kuzima. Utaratibu ulikuwa ule ule: wajumbe wanajadili, mchambuzi anakaa nyuma, kimya. Mchambuzi haongei mpaka aulizwe. Hata nyumba ikiungua, anasubiri aulizwe kama anasikia harufu ya moshi.

Kifungu cha tisa kilifika muda wa chai ukikaribia, saa ambayo kila mtu huwa mwepesi wa kukubali. Mjumbe mmoja, mfanyabiashara mwenye tabasamu la kudumu, aliinua mkono.

"Mwenyekiti, nakubaliana na kifungu. Nimeguswa sana na yule mama fundi cherehani. Napendekeza badiliko dogo tu la lugha. Pale panaposema 'nyumba za kuishi zilizokuwepo', tuandike 'majengo yaliyokuwepo'. Ni Kiswahili kizuri zaidi, kifupi."

"Kifupi ni kizuri," alisema Mwenyekiti, akitazama saa. "Kuna anayepinga?"

Mama Vifungu aliuona mwanya. Alimtazama Katibu. Katibu alikuwa amesikia, na alikuwa ameelewa, lakini naye hakuwa na ruhusa ya kusema. Akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, kikohozi kirefu kilichogonga kuta, na mwisho wa meza kidevu cha Mheshimiwa Mto kikainuka kutoka kifuani.

"Chai?" aliuliza Mheshimiwa Mto.

Wajumbe walicheka. "Bado, Mheshimiwa," alisema Mwenyekiti. "Tunabadilisha neno moja hapa. 'Nyumba za kuishi' inakuwa 'majengo'."

Mzee alivaa miwani, akaisogeza karatasi karibu na uso. Alikuwa amewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kuna swali moja ambalo mwalimu haliachi hata akiwa usingizini.

"Kwani nyumba na jengo kuna tofauti gani?"

"Haina uzito, Mheshimiwa," alisema mfanyabiashara haraka. "Ni lugha tu."

"Kama ni lugha tu, tuiache ilivyo. Kama kuna tofauti, nielezwe. Mchambuzi yuko wapi? Mama Vifungu, kuna tofauti?"

Alisimama. "Ipo, Mheshimiwa. Tukiandika 'nyumba za kuishi', tunawalinda watu wanaolala mle mpaka wapewe mahali pengine. Tukiandika 'majengo', ghala nalo ni jengo. Kila ghala lililojengwa juu ya kinamasi litabaki pale, na litakuwa na ulinzi wa sheria hii."

"Na wale wenye kifusi?"

"Kifusi kilichokwisha kujengewa kitakuwa kimesamehewa."

Mheshimiwa Mto alivua miwani. "Kwa hiyo tumekuja hapa kuzuia kifusi, halafu mtu akikiwekea bati juu tunampigia saluti?"

Chumba kilicheka, na safari hii kicheko hakikuwa cha kumcheka mzee. Mfanyabiashara alijaribu kusema jambo juu ya ajira na uwekezaji, lakini alisema akiwa ameshachelewa. Mwenyekiti alikuwa mwanasiasa mkongwe. Alijua upepo ukigeuka. Neno likabaki: nyumba za kuishi.

Lakini katika kamati hakuna anayetoka mikono mitupu. Baada ya chai mfanyabiashara na wenzake walirudi na jambo jingine. Mita sitini ni nyingi, walisema. Miji yetu imebanana. Tukikubaliwa kwenye mita, hatutagusa maneno tena. Mvutano ukaenda mpaka wajumbe wakaanza kukusanya simu zao. Kura zilipopigwa, sitini zikawa thelathini. Mama Vifungu hakuulizwa. Alipiga mstari juu ya "sitini", akaandika "thelathini" pembeni, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu taarifa ya kamati lazima isomeke.

Kwenye korido alimkuta Katibu ameegemea ukuta.

"Kikohozi chako leo kimefanya kazi ya Serikali," alimwambia.

"Kikohozi gani? Mimi ni mgonjwa," alijibu Katibu bila kutabasamu, akaenda zake.

Muswada ulipita Bungeni, ukatiwa saini, ukawa sheria. Siku ile magazeti yalikuwa na picha ya Mwenyekiti. Mama Vifungu alifika nyumbani mapema, akavua viatu, akakaa kitandani na gauni lake la kazi. Mumewe alimletea chai na kumpongeza. Alitaka kufurahi. Alijichunguza kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo, na alichokipata kilikuwa uchovu tu, na chini ya uchovu, kitu kidogo kilichokaribia kuwa nafuu.

Wa kwanza kumpigia simu alikuwa Dada.

"Nimesikia ni thelathini."

"Ndiyo, Dada."

"Jirani yangu wa ng'ambo ya njia yuko nje ya hizo thelathini. Wamekuja kupima leo. Yeye anabaki. Mimi nipo ndani."

"Najua."

"Kwa hiyo mmepunguza, na bado hamkunifikia. Ungeshindwa kupunguza kidole kimoja zaidi kwenye ile futi, mdogo wangu? Kidole tu?"

"Sikupunguza mimi."

"Uliandika wewe, hukupunguza wewe. Sasa wewe kazi yako ni nini?"

Akakata simu. Kwa miezi mingi baada ya hapo hawakuongea. Mama Vifungu alikuwa akipiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Habari za bondeni alizipata kazini: malori yamesimamishwa, wenye maghala wamekwenda mahakamani, mahakama imekataa kuwapa zuio, wamekata rufaa. Orodha ya wanaostahili viwanja ilirudishwa mara kwa mara kwa sababu hii au ile. Alitaka kuuliza juu ya mtu mmoja ndani ya orodha ile, na kwa sababu alitaka sana, hakuuliza.

Mvua zilikuja kubwa. Malori yalikuwa yamesimama, lakini kifusi cha zamani kilikuwa bado kimekaa palepale, na maji hayakuwa yamesoma sheria. Asubuhi moja, kabla hajaondoka kwenda kazini, alisikia hodi. Dada alikuwa mlangoni, amelowa mpaka kiunoni, nyuma yake kijana wa bodaboda ameshika kichwa cha cherehani kilichofungwa kwa nailoni.

"Shuka kavu unalo?" aliuliza Dada.

"Ingia ndani, Dada."

"Naingia. Sijaja kuomba msamaha, nimekuja kwa sababu ya maji."

Alikaa kwao mpaka mvua zilipokatika. Wiki ya kwanza aliongea na shemeji na watoto tu, na kwa mdogo wake hakuwa na neno ila la kuomba chumvi au kikapu cha nguo. Kisha jioni moja, Mama Vifungu akiwa mezani na rasimu ya kanuni za sheria ile, maana sheria ikishapita zinakuja kanuni, na kanuni zina vifungu vyake, Dada alikuja akasimama nyuma yake.

"Soma," alisema.

"Nini?"

"Hiyo unayoandika. Nisomee."

Alimsomea. Ilikuwa sehemu ya namna ya kuwahamisha watu: nani apewe kiwanja kwanza, nani aje kuthibitisha. Dada alisikiliza amekunja uso, kama anavyosikiliza mteja anayeeleza gauni lisiloshoneka.

"Hapo panaposema mtu apewe kiwanja ndipo ahame. Ni kweli hivyo? Wasije wakanihamisha kwanza, kiwanja nikangoje peponi?"

"Ndivyo ilivyo kwenye sheria. Kwanza kiwanja."

"Hilo uliandika wewe?"

"Hilo niliandika mimi, na hawakulikata."

Dada alitikisa kichwa polepole. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kuokota nyuzi kwenye sweta la mtoto. "Endelea," alisema. "Nipo."

Kiwanja kilitoka mwaka uliofuata, kwenye mwinuko nje ya mji, mahali pakavu mno kiasi kwamba sasa Dada alilalamikia vumbi. Wateja wa zamani walikuwa mbali. Wapya walimpatia kazi za kupunguza suruali tu. Majirani, alisema, walisalimiana kama watu wanaodaiana. Goti lilichukia kile kilima. Lakini ukuta wa nyumba aliyoijenga kwa fidia ulikuwa mweupe kutoka juu hadi chini, na cherehani ilisimama kwa miguu yake yenyewe.

Rufaa ya wenye maghala ilikuwa bado haijaamuliwa. Bunge lilikuwa linakaribia kuvunjwa tena, na Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kampeni. Jumapili moja mchana Mama Vifungu alipanda kwenda kumwona dada yake. Alikaa kwenye mkeka, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu.

"Huyo afisa wenu wa ardhi," Dada alianza, akitia uzi kwenye sindano, "nimemwendea mara ngapi kuhusu bomba la maji? Bondeni maji yalinifuata mpaka kitandani. Huku nayafuata mimi na ndoo. Hamna sheria ya katikati nyie? Ya mtu kupata maji kiasi? Nakuuliza wewe."

Alipogeuka alimkuta mdogo wake amelala, mdomo wazi kidogo, mkono bado umeshika kamba ya mfuko wake wa makaratasi. Dada alimtoa kamba vidoleni, akauweka mfuko kando. Kisha akarudi kwenye cherehani, na kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha, akaendelea kuishona kwa mkono, mashine isije ikamwamsha.